Kupima fangasi wa ndani kwa mgonjwa wa leukemia (saratani ya damu): uombe lini, usome vipi

Hii ni kwa nyie mnaoanza zamu wodi ya damu. Mgonjwa kamaliza kemo, neutrofili (seli nyeupe zinazopigana na vijidudu) ziko chini ya 500 na hii ni wiki ya pili, antibayotiki siku ya tano na homa bado inapanda jioni. Hapo anza kuwaza fangasi, na usikae kusubiri damu iliyooteshwa maabara maana Aspajilasi, fangasi wa ukungu anayeshika mapafu, kwenye damu haoti karibu kamwe.

Anza na galaktomanani, ile sukari ya ukuta wa Aspajilasi inayomwagika kwenye damu akiwa anakua. Kama mgonjwa hayuko kwenye dawa ya kuzuia fangasi kama posakonazoli, mpime mara mbili kwa wiki kipindi chote neutrofili ziko chini. Kama anaimeza tayari, acha kupima kwa mazoea, pima akiwa na dalili, kwa sababu dawa inakandamiza kipimo na jibu hasi hapo halikupi amani yoyote. Maabara nyingi zinaita chanya kuanzia 0.5, ila vigezo vya kimataifa vya fangasi wa ndani, EORTC/MSGERC vya 2020, vinataka 1.0, au 0.7 kwenye damu pamoja na 0.8 kwenye maji ya kuoshea mapafu. Ikija 0.6 usikimbilie kuandika ugonjwa kwenye faili, chukua sampuli mpya na omba siti skani ya kifua siku hiyohiyo, eksirei haitoshi.

Beta-glukani sasa, sukari nyingine ya ukuta wa fangasi, na hapa ndo watu wanachemka. Inashika fangasi wengi, Kandida, Aspajilasi, hata Nyumosistisi, ila haikwambii ni yupi. Kwa Fungitell, kiti ya kuipimia, 80 pg/mL kwenda juu ni chanya, 60 hadi 79 ni katikati, rudia. Sisi siku moja tulipata jibu la zaidi ya 500, daktari keshaanza kuandika dawa, nesi mmoja ndo akauliza, jana si tulimwekea imunoglobulini ya mshipani (dripu ya kingamwili), nayo inapandisha kipimo? Tukanyamaza wote. Albumini nayo inapandisha, gozi kwenye kidonda cha upasuaji, na baadhi ya chujio za kusafishia damu (dayalisisi). Kwa hiyo kabla ya kutoa damu pitia chati ya dripu za siku za nyuma. Tyubu iwe ile isiyo na glukani, usiiache wazi mezani, na usiifute mdomo kwa gozi wala pamba, nimeona mtu anafanya hivyo kabisa eti anasafisha.

Vipimo vyote viwili havimwoni Mukori, fangasi mwingine hatari. Uso umevimba upande mmoja, ndani ya pua kuna weusi, majibu yote hasi? Ita daktari wa pua leo akate kinyama.

Kriptokokasi, fangasi mwingine tena, ana kipimo chake, CrAg, kilekile cha wagonjwa wa VVU, kijiti tu, dakika 10 una jibu.