Spea za laptopu ya zamani: mwongozo kwa aliyeko Kigoma

Chaja ikitoka Kariakoo ikafika Kigoma ikiwa siyo, umelipia mzigo kuja, utalipia kuurudisha, na huenda muuzaji akagoma kubadilisha. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kutoa hela. "Nataka chaja ya Dell" ni ombi linaloweza kukuletea chaja tano tofauti.

Anza kwa kugeuza mashine usome lebo. Dell wana Service Tag ya herufi na namba saba. HP wengi lebo yao iko chini ya betri, kwa hiyo itoe kwanza. Lebo ikiwa imefutika na mashine bado inawaka, fungua Command Prompt (cmd), dirisha la kuandikia amri, uandike wmic csproduct get name. Windows 7 na 10 zitakupa jina au namba ya modeli. Ila namba nzuri kuliko zote ni ile iliyo kwenye kifaa chenyewe kilichoharibika: huandikwa FRU kwa Lenovo, DP/N kwa Dell, Spare kwa HP. Ipige picha kabla hujatupa chochote.

Chaja ndiyo inayosumbua wengi. Soma mstari wa OUTPUT kwenye lebo yake. Volti zifanane, tofauti ya nusu volti, mfano 19 na 19.5, kwa kawaida haina madhara, lakini usivuke hapo. Ampea ziwe sawa na za zamani au zaidi, kwa sababu laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Chaja ya wati 65 kwenye mashine ya wati 90 itachemka na kujizima, au betri haitajaa.

Kisha angalia ncha. Chaja za zamani za Dell na HP zina ncha nene ya milimita 7.4 yenye pini katikati, na kwa macho ni kitu kimoja. Ukichomeka ya HP kwenye Dell, mashine inaweza kuwaka vizuri tu, lakini itaandika kwamba haiitambui chaja, betri haitachaji, na prosesa itapunguza kasi. Pini ile ya katikati ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Dalili hizohizo hutokea waya wa pini ukikatika ndani ya chaja orijino, kwa hiyo kabla ya kununua azima chaja nyingine ya Dell ujaribu. Tatizo likibaki, shuku soketi ya kwenye laptopu. Dell Latitude nyingi soketi hiyo ina waya wake wa kuchomeka, na fundi huibadilisha bila kuchomelea.

Toshiba, Acer na Asus nyingi za zamani hutumia volti 19 na ampea 3.42, lakini tundu la ncha hutofautiana: milimita 5.5 kwa nje na 2.5 kwa ndani, au 5.5 kwa 1.7. Ya 2.5 huingia kwenye soketi ya 1.7 ikiwa imelegea, inatoa cheche, inakata kila ukisogeza meza, na mwisho inaunguza soketi. ThinkPad za Lenovo za volti 20 zilikuwa na ncha nene ya duara, baadaye zikahamia ncha ya mstatili. Kuna kiunganishi kidogo cha kutoka duara kwenda mstatili, na ni bora kuagiza hicho kuliko chaja nzima.

Usiridhike na maltimita (kipimo cha umeme) peke yake. Chaja mbovu husoma 19.5 ikiwa haijabebeshwa kazi, halafu huanguka ikianza kuchaji. Iache ichaji laptopu nusu saa ukiwa hapohapo dukani.

Kwenye betri, 10.8V na 11.1V ni zilezile, seli tatu mfululizo. 14.4V au 14.8V ni betri nyingine kabisa. Betri ya ThinkPad T420 huingia pia T410, T510 na T520, hivyo panua utafutaji. Lakini T430 na X230 hukagua chipu ya betri na kukataa kuchaji zile feki. Usishawishike na betri "mpya" iliyokaa stoo miaka minane: lithiamu huzeeka hata ndani ya boksi. Ukiwa na Windows 8 au zaidi, andika powercfg /batteryreport kwenye cmd, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa ulinganishe DESIGN CAPACITY (uwezo wa awali) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wa sasa). Uwezo wa sasa ukiwa chini ya nusu ya ule wa awali, iache. Iliyovimba usiitoboe, wala usiitume kwa basi.

RAM ya laptopu: DDR2 ina pini 200, DDR3 ina 204, DDR4 ina 260, na mkato wake hukaa sehemu tofauti, hivyo usilazimishe. Ukiwa na shaka kati ya PC3 (DDR3 ya 1.5V) na PC3L (ya 1.35V), nunua PC3L. Hiyo hufanya kazi kwenye mashine za 1.5V pia, wakati mashine nyingi zinazodai 1.35V hazitawaka na PC3. Na kabla ya kununua yoyote, sugua miguu ya RAM ya zamani kwa kifutio cha penseli. Mara nyingi ni uchafu tu.

Saa ikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya saa iliyo ndani imekwisha, na tovuti nyingi hukataa kufunguka. Kompyuta nyingi za mezani hutaka CR2032, utaipata kwa fundi saa.

Kabla ya kuagiza mbali, zunguka kwa mafundi wa Mwanga na Ujiji ukiulizia mashine mbovu ya kutolea spea, ya modeli yako au ndugu yake. Kibodi, feni, bawaba na vifuniko hupatikana hivyo zaidi kuliko dukani. Ukilazimika kuagiza, mtumie muuzaji picha ya lebo na ya ncha ikiwa kando ya rula, umwombe video ya kifaa kikifanya kazi huku namba yake ikionekana. Fungua mzigo kwenye ofisi ya basi kabla ya kusaini.

Kioo (skrini) ndicho cha kuogopa zaidi kuagiza. Viwili vya inchi 14 vinaweza kuwa na plagi ya pini 30 na ya pini 40, na haviingiliani. Hesabu pini zako kwanza, kisha dai kisafirishwe katikati ya mbao mbili nyembamba, maboksi matupu hayatoshi.