SOMO: Namna ya kuomba unachotaka kwenye programu mpya ya muziki ya Commodore 64

Wadau wa Tabora na Kigoma, habari za leo. Wapo watu ambao mpaka leo wanaandika programu mpya za kutungia muziki kwenye kompyuta za zamani, na wakiuliza watumiaji wanataka nini, majibu huwa ni yaleyale: iwe rahisi, ipendeze, iwe na sauti nyingi. Mwandishi wa kodi hawezi kufanya chochote na maneno hayo. Leo tujifunze kuandika ombi ambalo akilisoma anajua aanzie wapi. Natumia Commodore 64, na mashine yenyewe si lazima uwe nayo. Emuleta ya VICE, yaani programu inayoiga Commodore 64, kwenye laptop ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Ijue chipu

Commodore 64 ilitoka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Muziki wake unatoka kwenye chipu ya SID, kazi ya Bob Yannes. Ina sauti tatu tu. Kila sauti unaichagulia wimbi: pembetatu, msumeno, pulsi au kelele. Kila moja ina ADSR yake, yaani namna noti inavyopanda, inavyoshuka, inavyokaa na inavyokufa. Filta, yaani kichujio cha sauti, ni moja, sauti zote tatu zinagawana. Ukiomba sauti nane hapo, umeomba mashine nyingine.

Sisi wa huku tuna bahati kidogo. Muziki wa dansi tuliorithi kwa Tabora Jazz na Kiko Kids umesimama juu ya magitaa: solo, rizimu na besi. Sauti tatu, magitaa matatu. Sasa dramu na tumba zikae wapi?

Hatua ya 2: Eleza tatizo, kitufe atakibuni mwenyewe

Ombi bovu: "Wekeni dramu nzuri." Ombi zuri: "Nataka dramu iazime sauti ya besi kwa fremu chache, kisha besi irudi yenyewe kwenye noti iliyokuwa inapiga, bila mimi kuiandika upya."

Hebu tuliangalie kwa karibu. Mashine za PAL (mfumo mmoja wa video) zinakwenda fremu 50, yaani picha 50 za skrini, kwa sekunde, na programu ya kupiga wimbo kwa kawaida huigusa SID mara moja kila fremu, yaani kila milisekunde 20. Dramu nzito unaitengeneza hivi: fremu ya kwanza kelele, halafu pembetatu inayoporomoka kutoka juu kwenda chini kwa fremu tatu au nne. Basi, sikio limeshapokea dramu. Muda huo besi imenyamaza, lakini msikilizaji hajui, kwa sababu dramu yenyewe imeziba pengo. Kazi inabaki kwa mtunzi: kwa kawaida ni lazima airudishe besi kwa mkono, noti kwa noti, wimbo mzima. Huo ni usumbufu ambao programu inaweza kuubeba, kwa kuwa noti ya besi iliyokatizwa inaijua. Kama mna nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, ombeni hiki.

Hatua ya 3: Mwendo wa ngoma zetu

Traka nyingi, yaani programu za kuandika muziki mstari kwa mstari, zimezoea mistari 64 kwa patani (kipande kimoja cha wimbo), na pigo moja kila mistari minne. Ukiweka fremu 6 kwa mstari unapata mapigo 125 kwa dakika. Ukiweka 7 unaanguka mpaka 107. Katikati hakuna kitu, na dansi letu lina nyimbo nyingi zinazopenda kukaa hapohapo katikati. Kwa hiyo omba mwendo wa kupokezana: mstari mmoja fremu 6, unaofuata 7. Hapo unapata kama 115.

Kuna ngoma nyingi pia zinazotembea kwa tatu tatu. Kuziandika kwenye mistari ya nne nne inawezekana, ila macho yanaumia. Omba uweze kuamua mwenyewe patani iwe na mistari mingapi, 36 au 48, na rangi inayoonyesha pigo iangukie kila mstari wa tatu. Ongeza hili: kila sauti iwe na urefu wake, ili kengele ya mistari 12 izunguke juu ya besi ya mistari 16.

Hatua ya 4: Tuni

SID haijui piano. Inajua namba. Kwenye PAL, noti ya A ya hezi 440 ni kama 7493, yaani kwa POKE, amri ya BASIC ya kuandika namba kwenye kumbukumbu: POKE 54272,69 na POKE 54273,29 (29 mara 256, jumlisha 69). Kwa hiyo anayetaka kufuata tuni ya zeze la babu yake, chipu haimzuii, anayemzuia ni programu iliyofungia jedwali la noti ndani. Omba jedwali liwe wazi, lihaririwe.

Hatua ya 5: Umeme

Hifadhi ya kujiendesha kila baada ya dakika chache. Hili halihitaji maelezo.

MASWALI YA WANACHAMA

Ujiji: Shikamoo mwalimu. Noti zangu nyingine zinachelewa kuanza, nyingine hazisikiki kabisa. Laptop imechoka?

Jibu: Marahaba. Laptop haina kosa. Ni tabia ya SID yenyewe: noti mpya ikiingia wakati kaunta ya ADSR iko mahali pabaya, inasubiri. Dawa yake ni kufunga noti ya zamani fremu mbili kabla na kuishusha ADSR mpaka sifuri. Omba programu ifanye hivyo yenyewe, ila iweze kuzimwa kwa kila ala, maana kwenye solo ya haraka fremu mbili hizo zinasikika kama kigugumizi.

Nzega: Kaka, kwa nini tusihamie Amiga, turekodi ngoma halisi?

Jibu: Hamia tu, ni raha. Amiga ya 1985, kompyuta nyingine ya Commodore, ina njia nne za sampuli (sauti zilizorekodiwa) za biti 8, na Karsten Obarski aliiandikia traka ya Ultimate Soundtracker mwaka 1987. Ila njia mbili ziko kushoto na mbili kulia, ukivaa hedifoni magitaa yanagombana. Kule ombi la kwanza liwe ni kuzichanganya kidogo.

Kasulu: Naomba kuuliza, menyu za Kiswahili zinawezekana?

Jibu: Zinawezekana, dada. Kiswahili hakihitaji herufi ya ziada hata moja. Waombe maneno yote yakae kwenye faili lake, tutafsiri wenyewe. Shida ni upana: skrini ina herufi 40 kwa mstari, kwa hiyo "Hifadhi" inakaa vizuri, "Rekebisha mpangilio wa ala" itakula zaidi ya nusu.

Urambo: Wimbo wangu kwa rafiki yangu filta inasikika tofauti kabisa. Nani kakosea?

Jibu: Hakuna. Bila shaka mmoja ameweka 6581, mwingine 8580, matoleo mawili ya SID. Filta za 6581 hutofautiana hata chipu kwa chipu. Faili la SID lina nafasi ya kuandika wimbo ulitungiwa chipu ipi, kwa hiyo omba programu iulize hilo mwanzoni kabisa, kabla hujaandika noti ya kwanza.