Kupima kisima cha pwani: kwa wanaokuja Mtwara kutafiti maji

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, na kazi yangu ni kuwaongoza watafiti wa chuo wanaokuja huku kuchunguza maji ya ardhini na mazingira ya pwani. Neno la kwanza ninalowaambia ni hili: kipimo cha chumvi kisichoandikiwa saa, hali ya bahari na kina cha maji hakina thamani. Mwingine atakayekuja mwakani hataweza kukilinganisha na chochote.

Ukishajitambulisha kwa mtendaji na mwenyekiti, usikimbilie kisimani. Watafute kina mama wanaochota, uwape shikamoo, ukae, uulize. Kisima kipi maji yake huivisha maharage upesi? Sabuni inatoa povu? Ladha hubadilika mwezi gani? Maharage na povu vitakueleza habari za chokaa, maana miamba yetu mingi ya ufukweni ni matumbawe ya kale. Ladha itakueleza chumvi. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kisima chenye wasiwasi kipime mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, kisha ukipime tena mvua zikiisha.

Panga siku zako kwa bahari. Bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo. Mvuvi yeyote atakupa tarehe. Kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe karibu na ufuko hupanda na kushuka pamoja na bahari, ila kwa kuchelewa, na huchelewa zaidi kadiri kilivyo mbali na maji. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Basi kaa na kisima kimoja mzunguko mzima, ukipima kila saa, badala ya kuzunguka visima vingi kwa haraka. Najua ratiba za chuo hazipendi jambo hili, lakini siku hiyo moja hukufundisha zaidi kuliko orodha ndefu.

Kina kipime alfajiri kabla ya wachotaji kuja, maji yakiwa yametulia. Chagua nukta moja kwenye ukingo, uitie alama ya rangi kwa idhini ya mwenye kisima, na upimie hapo daima. Kama huna tepu inayolia ikigusa maji, chukua tepu ya fundi yenye uzito mwishoni, paka chaki mita yake ya mwisho, iteremshe hadi izame kidogo, soma namba iliyo kwenye alama, ivute, kisha toa urefu uliolowa. Kabla ya kuhamia kisima kingine, isafishe kwa maji yenye klorini na uisuuze. Watu wanakunywa humo.

Sasa chumvi. Kifaa chetu hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa maikrosimensi kwa sentimita. Kila asubuhi kihakiki kwa mmumunyo wa kupimia ambao usomaji wake unajulikana kuwa 1413. Hakikisha kinasahihisha joto hadi nyuzi 25, kwa sababu kila nyuzi moja hubadilisha usomaji kwa karibu asilimia 2. Maji ya bahari husoma kama 50,000; kisima kizuri mara nyingi huwa chini ya 1,000.

Pima juu na pima chini. Maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, ingawa haya huchanganyika yanapokutana. Funga jiwe kwenye chupa, izibe kwa kizibo chenye uzi wake, iteremshe hadi chini, ndipo uvute uzi. Chini kukiwa na chumvi nyingi kuliko juu, ndoo ya mama bado ni salama kwa ladha, ila pampu yenye nguvu itaivuta ile chumvi.

Sababu yake ilielezwa na Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiishusha hiyo mita 1 kwa pampu, unapoteza hazina kubwa usiyoiona. Ndiyo maana siridhiki na urefu wa ukingo uliosomwa kwenye simu. Simu hukosea kwa mita kadhaa. Mwite mpima ardhi mwenye kifaa cha usawa.

Usihukumu kwamba chumvi yote ni ya bahari. Angalia choo kiko umbali gani, na kama kuna mashamba ya chumvi jirani. Maabara ikupimie naitreti, ambayo huweza kuonyesha uchafu wa vyoo, pamoja na uwiano wa kloridi na bromidi: kwa maji ya bahari ni karibu 290 kwa uzito, na maji machafu ya vyoo kwa kawaida huzidi hapo sana. Chupa ya sampuli hizi isuuze mara tatu kwa maji ya kisima kile kile. Ya vijidudu usiisuuze. Iwe imetakaswa, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyo hiyo. Barafu utaipata kwa wauza samaki, ila zifunge chupa ndani ya mfuko safi.

Matokeo yakitoka, peleka nakala Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, hapa hapa Mtwara, kisha urudi kijijini. Mwandikie mwenyekiti ukurasa mmoja wa Kiswahili: kisima kipi ni cha kunywa, kipi cha kufulia, kipi kisifungwe pampu. Waambie kina mama waziwazi kwamba kifaa cha chumvi hakioni vijidudu, kwa hiyo hata maji matamu wayachemshe.