Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kuwapiga Picha Nyoka, Mijusi na Wanyama wa Bustanini

Betri mbili zilizojaa. Kadi ya kumbukumbu iliyo tupu. Kitambaa laini cha lenzi, na kingine cha kufutia kioo cha kizimba, maana alama za vidole vya watoto ziko palepale unapotaka kupigia. Hayo hayana maelezo.

Masharti ya bustani yasome kabla hujatoka nyumbani. Nyingi hukataza flashi, baadhi hukataza tripodi kwa sababu miguu yake hukwaza watu njiani, na ukitaka kuuza picha kwa kawaida utahitaji kibali. Ulizia pia saa za kulisha. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, na ukishapata picha moja ya simba aliyelala, hamsini zinazofuata ni ileile.

Kwa lenzi, ya kuvuta ya 70–300mm (namba kubwa huleta mnyama karibu zaidi) inatosha kazi nyingi za nje. Kwa kinyonga na mijusi wadogo chukua makro, yaani lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya 100mm hivi. Usibebe begi zima kama fundi anayehama.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu safari nyingi kuliko yote, nalo ni ukungu wa lenzi. Nyumba ya watambaazi huwa na joto na unyevu mwingi, na kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi au kwenye asubuhi ya baridi ni chombo baridi. Hewa ya mle ndani ikigusa kioo hicho, unyevu hugeuka matone, sawasawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mtu anaingia, anamwona chatu amejikunja vizuri, anainua kamera, anaona maziwa matupu. Anafuta. Baada ya sekunde chache ukungu umerudi. Anafuta tena, safari hii kwa ncha ya shati, na sasa ana ukungu pamoja na mikwaruzo. Kisha anafanya kosa linalozidi yote: anadhani tatizo liko nyuma ya lenzi, anaifungua ili aibadilishe. Hewa ile nzito inaingia ndani, matone yanatua kwenye kioo cha nyuma na karibu na kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga wa picha, mahali ambapo kitambaa hakitakiwi kufika. Jioni kamera inafungiwa begini na unyevu wake. Unyevu huo ukizoeleka, kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na ikishakaa sana huacha alama kwenye kioo hata baada ya fundi kuisafisha.

Dawa yake ni kuiacha kamera ipate joto taratibu bila kugusana na hewa yenye unyevu. Kamera, lenzi yake ikiwa tayari imefungwa, itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu ukiwa bado nje, toa hewa, funga kabisa, ndipo uingie. Matone yatatua juu ya mfuko badala ya kutua kwenye kioo. Subiri dakika 20 hadi 30. Lenzi kubwa yenye vioo vingi huchukua muda zaidi. Begi lenye sponji halifanyi kazi hiyo: sponji huzuia joto lisiingie, kwa hiyo unaweza kukaa saa nzima ndani, ukafungua, ukakuta kamera bado baridi. Muda wa kusubiri utumie kuzunguka na kutazama nani yuko macho na kioo kipi hakina mikwaruzo. La rahisi zaidi ni kuiweka nyumba ya watambaazi mwishoni mwa ratiba, siku ikishapata joto na kamera nayo imeshapata joto. Ukiwa umeshakosea, usifute tena na usifungue lenzi. Toa kifuniko, ishike wima, subiri. Ukifika nyumbani toa kila kitu begini kipigwe na hewa kavu.

Ukungu ukishaondoka, adui wa pili ni kioo cha kizimba. Piga picha ukikitazama kioo moja kwa moja, pembe ya nyuzi 90, kwa sababu ukipiga kwa mshazari picha hupita kwenye unene mkubwa zaidi wa kioo na kutoka na kivuli maradufu. Hudi ya mpira, ile kofia inayovikwa mbele ya lenzi, iguse kioo kabisa ili kuzuia mng'ao wa pembeni. Iguse polepole: nyoka husikia mtikisiko, na kugonga kioo ili ageuke ni ushamba. Vaa nguo nyeusi au za rangi iliyokolea, maana fulana nyeupe itaonekana juu ya pua ya mamba. Filta ya polaraiza, kioo cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, wengi huifunga wakidhani ndiyo tiba. Kwa mshazari husaidia kweli, ila ukisimama mbele ya kioo moja kwa moja haiondoi mng'ao wowote, na huacha robo hadi nusu tu ya mwanga ipite. Itoe.

Taa za ndani nazo zina hila. Umeme wa Hz 50 hufanya taa nyingi kupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/500, yaani mwanga kuingia kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, utapata picha moja ya njano, nyingine ya kijani, ya tatu yenye milia. Tumia 1/100 au 1/50. Penye umeme wa Hz 60, 1/125 au 1/60. Shata ya kimya ya kielektroniki huizidisha milia hiyo, hivyo izime. Kwa kasi hizo ulimi wa nyoka hautaganda, kwa hiyo ukitaka ulimi tafuta kizimba kilicho karibu na dirisha. Piga RAW, faili ghafi lenye data yote ya kihisi, kwa sababu taa ya kupasha joto hufanya kila kitu kiwe chekundu na JPEG, faili la kawaida lililobanwa, haikupi nafasi kubwa ya kurekebisha.

Kabla hujailaumu fokasi, mtazame nyoka mwenyewe. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na anapokaribia kujivua ngozi gamba hilo huwa na rangi ya maziwa yenye ubuluu. Rudi siku nyingine. Kwa mamba, anzia tundu la lenzi la f/8 au f/11 (namba kubwa ni tundu dogo, na sehemu kubwa zaidi ya picha huwa kali), maana ukifungua hadi f/2.8 jicho litakuwa kali na pua itapotea.

Kwenye wavu, kaa karibu na wavu kadiri bustani inavyoruhusu, fungua tundu lote, vuta lenzi hadi 200mm au zaidi, na mngoje mnyama asogee mbali na wavu. Chagua sehemu ya wavu iliyo kivulini. Waya unaopigwa na jua huweka pazia jeupe juu ya picha nzima. Tumia nukta moja ya fokasi, la sivyo kamera itaushika waya na kuufurahia.

Wanaotoka bustanini kwenda porini wajue kwamba kule hakuna kioo. Nyoka usiyemjua, mweke mbali angalau mara mbili ya urefu wake, na usipige magoti bila kutazama unapopiga magoti. Swila anaweza kutema sumu zaidi ya mita 2 akilenga macho, kwa hiyo vaa miwani. Ikiingia jichoni, usisugue. Mwagia maji mengi safi papo hapo na uende hospitali. Ukingo wa maji wenye mamba si mahali pa kulala kifudifudi kutafuta pembe nzuri. Na usimshike kinyonga kumpanga kwenye tawi zuri, wala usimtie mjusi kwenye friji ili atulie. Anayejua watambaazi huiona hali hiyo pichani mara moja, kwa mkao na kwa rangi ya ngozi.

Zima GPS ya kamera na simu unapopiga spishi adimu, maana wawindaji haramu nao huangalia picha. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani watambaazi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakionekana wazima. Funga zipu ya mfuko wa pembeni kabla ya kusimama karibu na nyani.