Somo: Kuizaa foleni ya njia ya Bububu ndani ya Excel

Juzi nimekaa mbele kwenye daladala ya 502, natoka Bububu naja mjini, hapa Unguja. Tangu Mtoni ni kwenda na kusimama. Dereva anasema kuna ajali, konda anasema trafiki kasimamisha magari. Tulipofika Kinazini hapana ajali wala trafiki, foleni imejifungua yenyewe. Leo tunaizaa foleni ya namna hiyo, isiyo na baba, kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Toka nje kwanza. Simama kivulini, chagua nguzo ya umeme. Mkia wa gari ukiipita, anza kuhesabu. Pua ya gari inayofuata ikifika, acha. Sekunde hizo ndizo T, yaani nafasi anayoiacha dereva kwa kipimo cha muda. Pima gari zikiwa zinakwenda vizuri, si zinapotambaa, maana hapo utachanganya na ile nafasi ya kusimamia. Mie hapa natumia 1.2. Ya barabara yako ukaipime mwenyewe.

Hatua ya 2: Nambari nyengine. Urefu wa gari, mita 4.5. Nafasi ya kusimamia, s0, mita 2. Mwendo anaoutaka dereva njia ikiwa nyeupe, v0, kilomita 50 kwa saa, sawa na mita 13.9 kwa sekunde. Nguvu ya kuondoka, a, ni 1, yaani kila sekunde mwendo unaongezeka mita 1 kwa sekunde. Breki ya kawaida isiyomwaga abiria, b, ni 2 kwa kipimo hicho hicho.

Hatua ya 3: Fomula. Waliitoa watafiti Treiber, Hennecke na Helbing mwaka 2000. Inatoa mchapuko, yaani mwendo unaongezeka au (ukiwa chini ya 0) unapungua kiasi gani kila sekunde:

s* = s0 + vT + (v × Δv) ÷ (2√(ab))
mchapuko = a × [1 − (v/v0)^4 − (s*/s)^2]

Hapo v ni mwendo wako, s ni nafasi iliyopo, s* ni nafasi ambayo dereva angeitaka, na Δv ni mwendo wako ukitoa mwendo wa gari ya mbele. Usiikimbie, tuipige pamoja. Unakwenda mita 5 kwa sekunde, na kutoka pua yako hadi bampa la mbele ni mita 8. Gari ya mbele nayo ikiwa na mwendo huo huo, Δv ni 0, s* inatoka 2 + 6 = 8, na mchapuko ni kama −0.02. Dereva hagusi kitu. Sasa gari ya mbele iwe imesimama. Mita ni zile zile 8, lakini Δv ni 5, s* inaruka mpaka 16.8, na mchapuko unakuwa −3.4. Hiyo ni breki ya kumtoa bibi kwenye kiti na kapu lake la ndizi.

Nimekaa sana hapa kwa sababu wengi wanaitupa Δv ili fomula iwe fupi. Mie pia niliitupa mara ya kwanza. Dereva wangu akawa anatazama umbali tu, breki zikaja zimechelewa, gari zikapandana.

Hatua ya 4: Jedwali. Kila gari safu tatu: pahala ilipo, mwendo, mchapuko. Ile s ya kwenye fomula ni pahala pa gari ya mbele, ukitoa pahala pa gari yenyewe na urefu wa gari. Kila mstari ni sekunde 0.2. Mwendo mpya ni wa zamani + mchapuko × 0.2, pahala papya ni pa zamani + mwendo × 0.2. Mwendo uufunge ndani ya MAX(0, …), la sivyo gari zitarudi kinyumenyume.

Hatua ya 5: Duara. Weka gari 22 kwenye duara la mita 230, zikiachana sawa sawa. Vipimo hivi si vyangu. Wajapani akina Sugiyama walilifanya jaribio hilo kwa gari za kweli, wakalichapisha mwaka 2008. Hakuna taa wala makutano, na foleni ilitokea. Zote zianze na mwendo wa mita 3.3 kwa sekunde, ila moja isogeze mbele nusu mita. Baada ya dakika chache utaona kundi limesongamana, na msongamano unarudi nyuma huku gari zinakwenda mbele. Kasi ya kurudi unaweza kuikisia bila jedwali: (4.5 + 2) ÷ 1.2, ni mita 5.4 kwa sekunde, kama kilomita 20 kwa saa. Kisha badilisha a kutoka 1 iwe 3. Wimbi linakufa. Kumbe wanaoondoka polepole ndio wanaoilea foleni.

Maswali

*Kijana wa Fuoni:* Maalim, muda wa dereva kushituka uko wapi? T si ndio huo?
— La. T ni nafasi anayoipenda, hata akiwa macho makavu. Fomula hii haina kushituka. Watafiti wa General Motors, kwenye modeli yao ya 1958, ndio walioweka ucheleweshaji wazi: mchapuko wa sasa unafuata tofauti ya mwendo ya muda kidogo uliopita.

*Mpemba wa Wete:* Daladala inasimama popote konda akigonga bati. Nifanyeje?
— Weka gari hewa, mwendo 0, pale pale pa kushushia. Iache sekunde 20, kisha ifute. Taa nyekundu nayo hutengenezwa vivyo hivyo.

*Bi Mdogo:* Excel inaniandikia #DIV/0!
— Gari inayoongoza inamfuata nani? Kwenye duara, s ya gari inayoongoza ni pahala pa gari ya mwisho + 230, ukitoa pahala pake na urefu wa gari. Nadhani umeacha seli tupu.

*Kijana wa Fuoni:* Na vespa zinazopenya, na gari ya ng'ombe?
— Gari ya ng'ombe ni rahisi: ipe v0 ya mwendo wa miguu, halafu tazama mkia wake. Vespa ndiyo kazi, kwa sababu modeli inadhani kila mtu ana mstari wake. Mie huihesabia vespa mchapuko mara mbili, kwa gari ya kushoto na ya kulia zinazoiziba, nikachukua ulio mdogo. Ikiwa hakuna inayoiziba, inapita. Haijanitosheleza bado, hasa pale Darajani jioni.