Kuandaa kipindi cha mazungumzo ya redio kijijini, hasa pale mzee anapoongea Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma

Juzi nilikaa na dogo mmoja yuko field kwenye redio ya hapa Dodoma, kapewa kazi ya kipindi cha nusu saa, mambo ya kijiji, mila, siasa za huko chini, akanijia kachanganyikiwa na faili kumi na saba kwenye simu hajui aanzie wapi. Tulimaliza saa nne usiku. Nayaandika hapa maana aliyoniuliza ndo yale yale niliyohangaika nayo mimi miaka hiyo na sikuwa na wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Mada iwe ndogo

"Changamoto za ardhi Dodoma" sio mada, hiyo ni semina. Mada ni: mpaka wa shamba ulikuwa pale kwenye mbuyu, leo kuna bikoni, lile jiwe la mpaka la wapima viwanja, katikati ya mtama, nani kaiweka? Na ukiuliza hivyo jiandae, kwa sababu CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja, ilianza 1973 makao makuu yalipoamuliwa kuhamia huku, ikavunjwa 2017 kazi zake zikaenda jiji, na mtu wa pembeni ya mji ukimgusa kiwanja anakuanzia toka enzi hizo za CDA. Muache aanze huko huko, utakata baadaye.

Hatua ya 2: Wageni

Watatu wanatosha. Mwenyekiti kachaguliwa, mtendaji kaajiriwa, diwani ni wa kata, kila mmoja ana swali lake, usimuulize mwenyekiti kwa nini hela haijaingia kama jibu analo mtendaji. Mjini ni mtaa, vijijini ni kijiji na vitongoji, ukichanganya hivyo hewani wasikilizaji wanajua umeshuka na treni jana. Halafu ile namba ya mwenyekiti uliyosevu zamani iulizie upya, uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024 na mwenyekiti aliyeshindwa huwa hakatai mahojiano, anakuja na kaunda suti kabisa.

Kina mama rekodi kwanza, peke yao, diwani akiwa hajafika. Akishafika utapata "tunashukuru" tu.

Hatua ya 3: Pa kurekodia

Upepo wa Dodoma kiangazi hauna dini. Sponji nyeusi inayokuja na maiki haisaidii kitu, tafuta ile ya manyoya. Usikimbilie pia ndani ya nyumba ya bati saa sita, bati likipata jua linalia ta-ta-ta na huwezi kulitoa kwenye sauti. Ukibahatika kukuta tembe bado imesimama, omba muingie humo, udongo juu udongo pembeni, mwangwi wote unamezwa. Sijawahi kuingia studio yenye utulivu ule.

Hatua ya 4: Kurekodi

Faili liwe WAV, yaani sauti isiyobanwa, 44.1 kHz, mishale ya sauti icheze kati ya -12 na -6 dB, hedifoni masikioni, simu zima mtandao. Ukimaliza rekodi dakika moja ya ukimya wa pale pale, utaihitaji kuziba mapengo.

Hatua ya 5: Lugha

Hapa ndo nilipofia.

Mzee mmoja Chamwino nilimuuliza kwa Kiswahili akanijibu kama yuko polisi, "ndiyo", "hapana", "tunaishukuru serikali". Akapita jirani akamsalimia "mbukwenyi", mzee akageuka mtu mwingine kabisa, mikono juu, anacheka, anakasirika. Nikamwambia babu, mimi nitauliza Kiswahili, wewe nijibu Kigogo. Nikapata dakika arobaini tamu sana.

Mimi sio Mgogo, nimekulia Dodoma tu, nadaka neno moja moja. Usiku nikaediti mwenyewe kwa masikio, natoa vikohozi, natoa "mm", najiona fundi. Asubuhi nikampigia mama mmoja aje asome tafsiri, akasikiliza mara mbili, akavua hedifoni akaniuliza, "huyu babu kwani alikubali kutoa shamba?" Kumbe pamoja na kikohozi nilikata kile kipande cha mwanzo wa kitendo kinachokanusha. Fikiria mtu kasema "sikukubali" wewe ukamtoa hiyo "si" ukaacha mengine. Saa ilikuwa tano na nusu, kipindi kinaenda hewani saa nane, nikarudi kuunga upya dakika zote arobaini kutoka faili la kwanza, na ningekuwa nimelifuta sijui ningemwambia nini yule babu. Kwa hiyo faili la kwanza halifutwi mpaka kipindi kimeshapita hewani, na hata hapo usifute.

Sasa hivi nafanya hivi. Kabla ya kugusa mkasi nakaa na mtu anayeijua lugha, daftari la kawaida, safu tatu: dakika, alichosema, Kiswahili chake. Dakika kumi za sauti zinakula kama saa nzima, hakuna njia ya mkato. Nikimaliza nakata nikifuata daftari, kisha namrudishia asikilize tena, maana anaweza kuwa amesema sawa wewe ukakata vibaya.

Mtafsiri asiwe mtendaji. Asiwe mwenyekiti. Asiwe mtu mwenye shamba kwenye huo ugomvi. Niliwahi kumuona mama kaongea dakika nzima ananyoosha kidole njia ya ng'ombe iliyozibwa, sauti imepanda, mtendaji akageuka akaniambia "anasema wanashukuru". Na asitafsiri katikati ya maongezi, anamkata mzee pumzi, kama unataka swali la nyongeza akunong'oneze maneno matatu tu yanatosha.

Methali ni mtego mwingine. Mtafsiri akikutana na msemo wa Kigogo anapenda kuubadilisha na wa Kiswahili, unashangaa mzee wa Chamwino anaongelea jahazi na bahari. Mwambie aseme neno kwa neno, hata kama linasikika la ajabu, halafu aongeze maana yake.

Kwenye kuweka sauti: muache mzee asikike sekunde nne tano, ndo umshushe chini, ila usimzime, aendelee kusikika kwa mbali chini ya tafsiri, na mwishoni mpandishe tena amalizie mwenyewe. Mwanamke atafsiriwe na sauti ya kike. Na isomwe "mimi nilikataa", sio "anasema alikataa", hiyo ya pili inamfanya mzee awe ripoti.

Kuna watu wananiambia si urushe Kigogo kitupu. Hatuko Kenya kwenye stesheni nzima za lugha za makabila, masharti ya matangazo hapa kwetu yanataka Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kipande cha Kigogo mimi nakirusha na tafsiri yake. Na usidhani mkoa mzima ni Kigogo, ukienda Kondoa utakuta Warangi, ukipanda Chemba upande wa Kwamtoro utakuta Wasandawe na ile lugha yao ya vidoko, sauti za kualisha ulimi, mtafsiri wako wa Chamwino huko atakaa kama wewe.

Hatua ya 6: Kuediti

Audacity, programu ya kompyuta ya kuediti sauti. Ni ya bure, inafungua hata kwenye laptopu mbovu, na hizo programu za simu za kuvuta na kidole mimi siziwezi, unakata "si" bila kujua, tumeshaongea. Mngurumo wa chini ya 80 Hz kata, ila ile ya kupunguza kelele usiikaze, sauti inakuwa kama mtu yuko ndani ya pipa la maji. Muziki ukitaka zeze au ngoma ya muheme, warekodi wanaopiga hapo hapo kijijini, kina mama wa muheme wakubaliane na wewe kwanza na uwape chochote, sio unavuta mtandaoni.

Hatua ya 7: Kupeleka

Kwa flashi. Ikishindikana tumia WhatsApp, ila tuma kama dokumenti, ukituma kama sauti inabanwa inatoka kama mtu anaongea ndani ya debe.

Na mzee anatakiwa apate nakala yake, hilo wengi hawafanyi. Memori kadi ndogo inatosha, anachomeka kwenye karedio kake. Ila weka MP3, hizo redio ndogo nyingi WAV hazisomi, mimi nilishampelekea mtu kadi akakaa nayo wiki mbili anadhani nimemletea tupu.