Kuongeza wageni wanawake kwenye podikasti ya programu huria: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Mombasa

Natayarisha na kuhariri podikasti ya Kiswahili hapa Mombasa kuhusu programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Chumba chetu cha kurekodia kiko Mji wa Kale, na kila tukianza inabidi tuzime feni na kufunga madirisha. Kwa muda mrefu niliamini kwamba tunaalika wageni wa kila aina. Siku nilipoketi na orodha yote nikaona mwanamume anafuatwa na mwanamume. Wanawake walikuwa wachache, na karibu wote tuliwaita kwa mada moja: changamoto za mwanamke katika teknolojia. Hakuna aliyewafungia mlango. Tulikuwa tu tukiwapigia watu ambao namba zao tunazo tayari, nao wakitupendekezea rafiki zao.

Hatua zifuatazo ndizo nilizozifuata kurekebisha jambo hilo. Zinamfaa yeyote mwenye podikasti ya namna hii, awe na chumba chake au anarekodi kwa simu sebuleni.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa, kisha hesabu dakika

Fungua jedwali kwenye LibreOffice Calc. Weka safu za tarehe, jina la mgeni, jinsia, mada, na nani alimpendekeza. Hiyo ya mwisho usiiruke, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wageni wako wanatoka wapi. Kwetu ilionyesha majina mawili au matatu yanayojirudia: watu hao ndio waliokuwa wakituchagulia wageni bila sisi kujua.

Jinsia usiikisie. Kiswahili hakitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume, na majina kama Amani au Imani huitwa wote. Muulize mgeni kwenye fomu ya kukubali mwaliko, mwachie nafasi ya kutojibu, na mweleze jibu lake utalitumia kwa kazi gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na podikasti ndogo nayo inashika taarifa za watu.

Baada ya vichwa, ingia kwenye dakika. Hapa ndipo wengi hawafiki. Fungua kipindi kwenye Audacity, programu huria ya kuhariri sauti, teua kipande anachozungumza mtu mmoja, bonyeza Ctrl+B kuweka alama, kisha andika herufi: K kwa mgeni wa kike, M kwa mgeni wa kiume, T kwa mtangazaji. Endelea hivyo hadi mwisho. Ukimaliza, toa alama hizo kama faili la maandishi. Utapata safu tatu: sekunde ya kuanza, sekunde ya kumaliza na herufi. Libandike kwenye Calc, safu ya nne iwe B kutoa A, halafu andika:

`=SUMIF(C1:C300;"K";D1:D300)/60`

Jibu ni dakika za wageni wanawake. Badilisha herufi upate za wengine.

Tuseme kipindi ni cha dakika 50, na wageni ni wawili, mwanamke na mwanamume. Mtangazaji amechukua dakika 14, mgeni wa kiume 25, mgeni wa kike 11. Kwa vichwa ni nusu kwa nusu, na kila mtu ataridhika. Kwa dakika, mwanamke amepata 11 kati ya 36 za wageni, yaani chini ya theluthi. Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinataka kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Hakihusu podikasti, lakini mimi nimekifanya kipimo changu cha chini. Kipindi hicho cha mfano, kilichoonekana sawasawa, kingeanguka.

Hatua ya 2: Amua upya nani anastahili kuitwa mgeni

Utatajiwa takwimu. Utafiti wa mwaka 2017 wa GitHub, tovuti ambako miradi mingi ya programu huria huhifadhiwa, ulikuta asilimia 95 ya waliojibu ni wanaume na asilimia 3 ni wanawake. Utafiti wa Ulaya uitwao FLOSS, wa mwaka 2002, ulikuta wanawake ni kama asilimia 1 tu. Nimesikia watayarishaji wakizisoma namba hizi kama ruhusa: wanawake hawapo, sasa tumwalike nani?

Pengo hilo ni la kweli, na linauma. Lakini podikasti haihitaji maelfu ya watu. Inahitaji mgeni mmoja kwa wiki. Isitoshe, utafiti wa 2017 uliwauliza watu waliokutwa kwenye miradi iliyoko GitHub. Mkutubi anayeendesha mfumo huria wa maktaba kila siku hana sababu ya kushinda huko. Ukimtafuta mgeni kwa amri ya `git shortlog -sn`, inayohesabu mchango wa kila mtu kwenye msimbo wa mradi, utaletewa orodha ya waliosukuma msimbo, waliosukuma mara nyingi wakiwa juu. Aliyetafsiri kwa Kiswahili, aliyeandika maelezo ya matumizi, aliyepanga mkutano, aliyewafundisha wauguzi arobaini kutumia mfumo, huenda hayumo kabisa.

Kwa hiyo andika upya kigezo chako. Changu ni hiki: mgeni ni mtu aliyefanya programu huria ifanye kazi mahali fulani, na anaweza kueleza alivyofanya. Kukiandika kulichukua dakika mbili. Kukubaliana nacho na wenzangu kulichukua muda zaidi, maana wapo walioona tunashusha kiwango. Nami bado nasema ni kinyume chake: mtu aliyeuweka mfumo mahali ambapo umeme unakatika ana mengi ya kutufundisha kuliko aliyeongeza kitufe.

Hatua ya 3: Watafute walipo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hii ndiyo hatua itakayokula muda wako, basi ipe.

Anza na maktaba. Koha, mfumo huria unaotumika katika maktaba nyingi za vyuo nchini, ulianza New Zealand mwaka 1999 kwa sababu maktaba za wilaya ya Horowhenua zilihitaji mfumo mpya. Mkutubi mkuu alikuwa mwanamke, Rosalie Blake. Programu ilitolewa kwa umma mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi. Kumbe moja ya programu huria zinazotumika sana katika maktaba duniani ilizaliwa na haja ya wakutubi. Nenda maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, uliza nani hushughulikia Koha inapogoma, kisha msikilize.

Kisha nenda sekta ya afya. Kenya ilianza kutumia mfumo huria wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011 kukusanya takwimu za vituo vya afya. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Nyuma ya mifumo hii wapo maofisa wa kumbukumbu za afya, wauguzi na wakufunzi, na wanawake ni wengi mno kati yao kwa mtu kudai hawapati. Tahadhari moja: mfanyakazi wa serikali huenda akahitaji ruhusa ya mkuu wake kuzungumza hadharani. Mpe muda wa kuiomba, mwandikie barua ya mwaliko anayoweza kuionyesha, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba hakuna taarifa ya mgonjwa itakayotajwa.

Tatu, angalia njia ambazo wanawake wenyewe wamezijenga. Outreachy, inayowalipa wanagenzi kufanya kazi kwenye miradi huria, ilianzia mwaka 2006 kwenye GNOME, mradi wa programu huria za kompyuta. PyLadies, mtandao wa wanawake wanaotumia lugha ya programu ya Python, ilianzishwa Los Angeles mwaka 2011 na sasa ina matawi Afrika. AkiraChix ya Nairobi imekuwa ikiwafunza wasichana teknolojia tangu 2010. Hapa Mombasa, pita Swahilipot Hub, kituo cha vijana cha teknolojia na sanaa, na pita Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Usiende na swali la "mnaye mwanamke?" Nenda na mada: nani hapa ameweka seva, nani ametafsiri programu, nani amechora kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia?

Kuna majina makubwa pia. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ina Ory Okolloh na Juliana Rotich miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaliko kwao haudhuru. Lakini wanawake wanaojulikana huombwa na kila mtu, na podikasti inayozungusha majina manne yaleyale mwaka mzima haijapanua chochote.

Hatua ya 4: Andika mwaliko unaoeleweka

Mwaliko wa "tungependa uje utusimulie safari yako kama mwanamke" nimeshautuma mimi mwenyewe, na najuta. Mwalike kwa kazi yake. Huu ndio ujumbe ninaotumia sasa:

"Habari ya asubuhi, Bi. Fulani. Mimi ni mtayarishaji wa podikasti ya programu huria hapa Mombasa. Nimeelezwa kwamba wewe ndiwe unayesimamia Koha maktabani kwenu. Tungependa utueleze mlivyohamisha orodha ya vitabu kutoka kwenye kadi, na mlikwama wapi. Mazungumzo ni ya dakika 40. Maswali tutakutumia siku tano kabla, na sehemu usiyoiridhia tutaiondoa kabla ya kutoa kipindi. Nauli ni juu yetu. Jumanne asubuhi au Alhamisi asubuhi, ipi itakufaa?"

Mtu mzima kwako mwanzie na shikamoo. Akijibu kwamba yeye si mtaalamu, usimwache hapo, wala usimbembeleze kwa sifa. Mwulize swali moja la kazi: "Ule mfumo ulipozima siku ya mtihani, mlifanya nini?" Mara nyingi jibu lenyewe huwa ni nusu ya kipindi, nawe mwambie hivyo. Akikataa mara ya pili, mheshimu na mwulize kama unaweza kurudi baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 5: Panga saa na mahali

Kurekodi saa moja usiku kulitufaa sisi, kwa hiyo tulidhani kunamfaa kila mtu. Mama anayesubiri watoto watoke madrasa, au anayevuka feri ya Likoni wakati wa msongamano wa jioni, hawezi. Sisi sasa tunarekodi kati ya saa nne na saa sita asubuhi, tunamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani tunapunguza vipindi. Mgeni anaweza kuja na mwenzake, au na mtoto wake. Nauli tunaituma kwa M-Pesa siku moja kabla, asije akalazimika kudai.

Asiyeweza kuja arekodi kwa simu yake mwenyewe huku mkizungumza kwenye WhatsApp, kisha akutumie faili. Mtumie bando kwanza.

Hatua ya 6: Rekodi na uhariri kwa haki

Mpe kila mtu maikrofoni yake na wimbo wake wa sauti (track), yaani sauti yake irekodiwe peke yake. Usitumie kwa kila mgeni mpangilio uliotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito ya mtangazaji. Sauti ya mwanamume huanzia takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 hadi 180, ya mwanamke takriban 165 hadi 255. Kukata chini ya hezi 80 kunawafaa wote. Kinachoharibu ni kupandisha masafa ya juu ili mtu mwenye sauti nzito asikike vizuri, halafu mpangilio uleule ukafanya kila "s" ya mwanamke itoe mlio mkali. Baadaye msikilizaji anasema sauti yake ni kali, kumbe ukali umeutia wewe. Sawazisha kila wimbo peke yake kabla ya kuchanganya; mimi hulenga LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) −19 kwa sauti ya chaneli moja.

Mazungumzo ya watu wawili au zaidi yanahitaji mtangazaji mwenye ujasiri. Mgeni akikatizwa, rudi kwake kwa jina: "Bi. Fulani, ulikuwa unaeleza habari ya nakala rudufu." Swali la kiufundi mwelekeze yeye kwanza, mara kwa mara. Unapopunguza urefu, tazama tena zile herufi K na M kabla ya kukata.

Hatua ya 7: Toa kipindi, kisha omba majina mawili

Kwenye maelezo ya kipindi andika kazi ya mgeni kabla ya jambo jingine lolote. Usitangaze mtaa anakoishi wala namba yake. Maoni ya matusi yafute siku hiyohiyo, na mwambie mgeni mapema kwamba hiyo ni kazi yako, si yake.

Siku mbili baadaye mpigie umshukuru, na umwombe majina mawili ya watu anaowaona wanaijua kazi yao vizuri. Yaandike kwenye safu ya "nani alimpendekeza" ungali kwenye simu.